Ngezi kwa Miguu

Kwa miaka mitatu nilimwahidi mwalimu mwenzangu kumtembeza msitu wa Ngezi. Yeye alizaliwa Lushoto, milimani, na alipoletwa kufundisha skuli yetu ya Chake Chake nilimsifia kisiwa changu bila kuweka akiba ya maneno: vilima vya mikarafuu, mivule isiyokumbatika, njia inayopita kivulini mwa msitu mpaka mchanga mweupe wa Vumawimbi. Nilieleza vizuri mno, mimi ambaye humo sijatia mguu.

Nilikuwa nimepita kwa gari tu, vioo vimefungwa, nikisoma Ayatul Kursi mpaka tutokeze upande wa pili. Mama alitulea akitwambia kule kuna wenyewe, wasioonekana kwa macho. Ukubwani nikacheka na wanaocheka, lakini ahadi nikaipiga danadana: leo mvua, kesho mitihani, keshokutwa mafua. Mwenzangu hakunisumbua.

Barua yake ya uhamisho ikaja. Ikabaki Jumamosi moja, nikaona haya, tukakodi gari.

Konde, karibu na msitu, anakaa shangazi yangu. Mpemba hapiti mlango wa shangazi yake na mgeni akasema ana haraka. Hilo nililijua tangu nyumbani, na ni mimi niliyemwambia dereva asimame.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema shangazi, akatandika mkeka.

Chai ikaja na mkate wa kumimina. Nilipoona tumemaliza, nikauliza habari za mjomba. Za mjomba zikazaa za harusi, za harusi zikazaa wali wa mchana. Mgeni wangu alikula, akashukuru, akawa anatupia jicho jua. Mimi nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe.

Tulipofika langoni alasiri ilikuwa imekwenda. Mlinzi akasema muda uliobaki unatosha njia fupi tu, au turudi kesho. Kesho mwenzangu anapanda boti. Nikaanza kumpa pole, na mwenyewe nikasikia sauti yangu haina huzuni hata kidogo.

Akanitazama. "Mwalimu, unaogopa?"

"Naogopa," nikasema. "Tangu mtoto."

Hakucheka. Aliniambia kwao pia upo msitu ambao bibi yake hakuupita bila kuomba ruhusa, kisha akauliza huku tunaomba vipi. Nikavua makubadhi, kama mama alivyosema wafanyavyo wenye adabu, nikatoa salamu. Naye akavua viatu vyake. Tukaingia tumeshikana mikono.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Kima wawili walituangalia kutoka juu, wakachoka nasi, wakaendelea kula. Kwenye mvule wa kwanza mwenzangu akaweka kiganja kwenye gome. Nami nikaweka changu. Moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko ulivyokuwa mkekani kwa shangazi.

Tulipotoka nikatazama saa. Tulikuwa ndani dakika ishirini. Miaka mitatu nilimnyima dakika ishirini, na asubuhi yake akaondoka.