Mbuzi wa Awadhi Wana Baba

Hajira Mhina wa Kwedizinga ana mdomo. Mimi jirani yake naujua, na mbuzi wake nawajua zaidi, maana mihogo yangu wameila misimu yote bila kubagua. Ila kiangazi kikija, mbuzi wa wengine wanakufa, wake wanabaki. Wote ni uzao wa beberu mmoja mweusi, mfupi, mwenye hasira kama mwenye mali.

Ukaja mradi wa mbuzi wa maziwa. Wakubwa wake walituambia maendeleo ni kama mbegu: jaribu nyingi, chagua iliyostawi, panda hiyo. Kwa hiyo kila mwezi tulitoa hadithi za mabadiliko, iliyoshinda ikasomwa vijijini ili tujifunze. Tulijifunza kweli. Hadithi ya Awadhi, shemeji yake Hajira, ilipopita mara ya kwanza, mwezi uliofuata kila nyumba ilikuwa na hadithi ya mbuzi anayejaza ndoo. Mbuzi wenyewe wengi walikuwa wameshakufa kwa kupe na jua.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Korogwe ya Zamani. Hadithi ya Awadhi ikipita, mabeberu wote wa kienyeji wangehasiwa ili wasiiharibu mbegu mpya. Bwana mifugo, aitwaye Zaidi, alipangiwa kuanzia Kwedizinga mchana uleule. Hajira hakuwa na beberu mwingine, na njiani hakufungua mdomo. Hilo lilinitisha.

Awadhi alisoma vizuri. Mbuzi wake wa mradi wamezaa, watoto wote wamevuka kiangazi. Makofi yakapigwa, na Yuditha, mkuu wa mradi, akauliza kama kuna mwenye neno.

Hajira akasimama. "Hadithi, hadithi."

Ukumbi mzima ukaitikia kwa mazoea: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mmeitikia wenyewe," akasema. "Mliomba hadithi, tukawapa hadithi. Mngeomba habari, tungewapa habari."

"Mama, unasema Awadhi ametudanganya?" Yuditha aliuliza bila ukali.

"Hapana. Watoto wa mbuzi wake wapo, nimewaona kwa macho yangu. Mwulizeni baba yao ni nani."

Awadhi aliikodolea macho karatasi yake. Nilitamani kumtikisa.

"Shemeji," Hajira akasema polepole, "Zaidi yuko njiani na koleo lake la kuhasia."

"Beberu wa mradi alikufa kabla hajapanda," Awadhi akasema hatimaye. "Majike wangu walipandwa na yule mweusi wa shemeji. Aliruka uzio. Sikusema, kwa sababu kuchanganya mlikataza."

Yuditha akachukua simu. Mara ya kwanza haikupatikana. Ya pili ikaita, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Zaidi, kazi ya kuhasi isimame. Usimguse beberu yeyote."

"Kwa Bi Hajira nimeshamaliza, dada. Niliona hii hadithi haina mpinzani, nikaanza mapema. Sasa naelekea kwa Awadhi, nimesikia na kwake kuna weusi."

"Usiende. Rudi ofisini."

Hajira alikaa kwenye kiti chake taratibu. Mimi nilitaka kulia, na wale mbuzi siwapendi hata kidogo. Yuditha alisema pole, akasema tena. Ni Awadhi aliyeinuka, akaja kuchuchumaa mbele ya shemeji yake.

"Nina madume wawili zizini, shemeji. Njoo uwachukue. Wamefanana naye."

"Na nani?"

"Na baba yao."

Hajira alimnyooshea kidole karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano. "Mwambie huyo," akasema. "Mwambie na jina la mwenye beberu."