Ubao wa Mume Wangu Ukutani

Sebule za Garissa siku hizi zimejaa maandishi. Juu ya televisheni utakuta aya za plastiki zenye rangi ya dhahabu, zimenunuliwa Nairobi, herufi zimenyooka zote. Mimi sikuzipenda. Ukutani kwangu nilitundika ubao wa duksi, chuo cha Kurani, wenye mwandiko wa marehemu mume wangu.

Alikuwa maalimu. Watoto wadogo aliwaandikia masomo yao kwa kijiti na wino wa makaa yaliyosagwa kwa maziwa na utomvu wa mgunga. Mtoto akishahifadhi, ubao huoshwa, somo jipya huandikwa. Kazi yake yote ilifutika hivyo, naye hakuona ubaya. Mimi alinipigia simu tu. Hakuwahi kuniandikia hata neno moja.

Alipofariki, maalimu mpya aliziosha mbao zote. Ukasalia mmoja, wa mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia Modogashe na mifugo yao. Nikauomba. Mistari yake ilipanda upande, kwa kuwa mume wangu aliandika ubao ukiwa gotini. Zamani nilimtania kwamba mistari yake inafuata majani kama mbuzi. Eda ilipokwisha wageni nao waliisha, na chai ya jioni nikawa nainywa mimi na ubao.

Majirani walinung'unika. Ubao si pambo, walisema, ni wa kusomwa na kuoshwa. Niliwajibu kwamba ukuta ni wangu.

Kisha homa ikaniangusha. Dada wa mume wangu, anayeishi Dadaab, akaja kuniuguza. Asubuhi moja aliniinua kichwa, akaniwekea kikombe mdomoni.

"Kunywa, abaayo, dada yangu. Maliza yote."

Maji yalikuwa ya kijivu, yana ladha ya moshi. Nikayamaliza, mgonjwa hana hiari. Ndipo nikauona ubao umeegemezwa mlangoni, umelowa, hauna herufi hata moja.

"Nimeosha ile ubao," akasema. "Watu nasema umeweka bambo. Mimi najua umeweka ya siku ya ugonjwa."

Maji yaliyooshea aya mgonjwa hunyweshwa kama dawa; Pwani huitwa kombe, nasi huku tumelelewa nayo. Hakukosea chochote. Hata hivyo nilishikwa na hasira kali kuliko ile homa, nikatamani kumfukuza arudi kwake. Lakini alikuwa amelala sakafuni kando yangu tangu alipofika, na ule ulikuwa mwandiko wa kaka yake pia. Nikamwambia Mungu amlipe.

Homa ilishuka. Kabla ya kuondoka alipita kwa majirani wote akiwaeleza kwamba kaka yake ameniponya, nao wakaja kunipongeza, wale wale wa kunung'unika. Nikawaitikia alhamdulillahi, nikawapa chai, nikawasindikiza hadi nje.

Nimepona, ni kweli. Ila sasa nikimkumbuka mume wangu, sina pa kutazama.