Mkono Ukishuka

Enzi hizo ardhi ikipimwa kwa mnyororo, mwanafunzi wa mpima ardhi alishinda mwisho wa shamba ameshika fimbo ndefu ya kupimia, ya rangi nyekundu na nyeupe, jua la utosi, macho hayabanduki kwenye mkono wa mpimaji, mzee wake, kule mbali. Mkono ukielekea kushoto, naye kushoto. Ukishuka, hapo hapo, hatikisiki hata nyuki akitua puani mwake. Watoto walimwita Kigingi. Siku mzee alipolala hoi kitandani, kijana alisimama miguuni pake. Mkono ukainuka, ukaelekea kushoto. Akasogea. Mkono ukashuka. Nyumba ikaangua kilio.

“Keti, mwanangu,” mjane akamsihi.

“Hapa ndipo aliponiweka, mama,” akajibu, wala hakutikisika.