Kalamu Tatu za Insulini

Katika famasia ya nne aliyoingia asubuhi hiyo mjini Yazd, Iran, Mahlagha Dehqani hakuhitaji hata kuuliza. Mfamasia alimwona mlangoni, akainua kidevu na kugonga ulimi: hakuna.

"Dawa yenyewe haijapigwa marufuku, mama. Ila tangu vikwazo vikazwe, hakuna benki ya nje inayokubali kupitisha malipo yetu."

"Basi nimchome mume wangu barua za benki?"

Mfamasia alicheka, kisha akaona haya.

Mahlagha ana miaka sitini na minne. Thelathini kati ya hiyo alifundisha kemia. Anajua kusoma maandishi madogo ya chupa. Insulini inayotengenezwa nchini huwafaa wengi, lakini kwa mumewe, Nosrat, hushusha sukari ghafla. Mara mbili alimkuta sakafuni jikoni, midomo imepauka. Ile ya kutoka nje iliyomkubali ilikuwa imebaki ya siku mbili.

Nosrat alipika baklava, vitamu vya sukari na lozi, miaka arobaini.

"Ulilamba kila sufuria," Mahlagha alimwambia aliporudi mikono mitupu.

"Nilikuwa naonja, mke wangu. Kazi ni kazi."

Adhuhuri mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Foruhar wa ghorofa ya juu, mstaafu wa reli, aliyemzika mkewe Effat wakati wa baridi. Alikuwa amekumbatia kisanduku kilichotoka kwenye friji.

"Kalamu tatu za kuchomea insulini. Ndiyo ileile ya Bwana Nosrat, na muda wake haujapita. Chukua, dada."

"Haiwezekani, kaka! Ni za marehemu."

"Nakusihi."

"Wallahi sichukui. Kaa nazo."

Ndivyo watu waliolelewa vizuri wanavyopokea: unakataa, unakataa tena, na ya tatu unashindwa. Mikono ya Mahlagha ilikwisha kuanza kunyooka. Lakini Foruhar aliinamisha kichwa, akasema, "Kama upendavyo," akapanda ngazi.

"Umemfukuza na roho yangu mkononi?" Nosrat aliita kutoka sebuleni.

"Nilikuwa bado namkatalia vizuri!"

"Basi mfuate ukamalizie."

Alipanda ngazi kumi na nane. Maishani mwake hakuwahi kuomba kitu alichokwisha kukikataa. Mama yake angeona heri njaa. Mbele ya mlango alirekebisha mtandio, akaurekebisha tena. Kisha akabisha.

Foruhar alifungua mara moja. Kisanduku bado kilikuwa kifuani.

"Ile ilikuwa adabu tu, kaka," Mahlagha alisema, uso ukimwaka. "Nazihitaji. Kesho kutwa hatuna kitu."

"Najua ilikuwa adabu." Mzee alikitazama kisanduku. "Nilitaka kukusihi mara ya tatu, ulimi ukagoma. Effat aliandika hapa saa za kuchoma. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka, tazama hii saba."

Mahlagha aliitazama ile saba kwa muda. Halafu alifungua kifuniko taratibu, akatoa kalamu moja, ya pili, ya tatu, akakiacha kisanduku mikononi mwa mwenyewe.

"Hapana, dada, chukua vyote, nakusihi."

"Sichukui."

"Dada..."

"Bwana Foruhar. Sichukui."

Alizifunga kalamu kwenye ncha ya mtandio na kushuka haraka, kwa kuwa zilikuwa zimeanza kupoteza ubaridi.