"Ndiyo" arobaini na tatu zinazomnyima Sidonie raha

Saa nne asubuhi, mtaa wa Mulongwe, Uvira, mashariki mwa Kongo. Sidonie Nabintu amekaa mbele ya kompyuta. Nje, wingu zito limekalia milima. Kila baada ya dakika mbili anachungulia dirishani, kisha anaitazama saa ya ukutani. Maoni juu ya pendekezo yanafungwa saa kumi na mbili jioni.

Kazi yake inahitaji kuelezwa polepole. Kuna programu ya bure inayoonya watu juu ya mafuriko: walio milimani hutoa habari mto unapojaa, walio bondeni hupata ujumbe kwenye simu. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, na wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea wa miji mbalimbali. Wakitaka kubadilisha kitu, huweka pendekezo hadharani siku kumi na nne. Sidonie, mwenye miaka 31, hulitafsiri, huwauliza watumiaji wa huku, kisha huandika maoni yao kwenye ukurasa wa mjadala. Hulipwa dola themanini kwa mwezi, fedha zikipatikana.

Safari hii pendekezo ni kuondoa ujumbe mfupi wa kawaida, SMS, kwa sababu ni ghali, na kubakiza maonyo ya intaneti tu.

Sidonie alikwenda Sange, mji mdogo wa bondeni, akakusanya watumiaji arobaini na watatu. Kwa heshima, alimpa neno la kwanza Jean-Berchmans, prezida, yaani mwenyekiti, wa chama cha wakulima wa mpunga. Mwandishi wa habari hii naye angefanya vile vile. Prezida, mwenye simu ya kisasa, akasema pendekezo ni zuri. Wote waliofuata wakasema ndiyo. Sidonie akaandika: wamekubali wote.

Jana Bernardine, mkulima aliyekuwa mkutanoni, akampigia.

"Dada, minye telefone yangu ni ya kubonyeza, haina internet. Mvua ikikuya, nani atanijulisha?"

"Sasa mbona weye ulisema ndiyo?"

"Prezida alikuwa ameisha kusema. Minye ni nani nimupinge mbele ya batu?"

Sidonie akawapigia wengine mmoja mmoja. Ishirini na tisa wana simu kama ya Bernardine.

"Ile makosa ni yangu," anasema. "Ni minye nilianza na prezida."

Kusahihisha si mchezo. Pingamizi moja lenye sababu, likiandikwa kabla ya muda kuisha, linasimamisha pendekezo. Lakini ukurasa ule husomwa na kila mtu, na prezida akijiona ameaibishwa, hakuna mlango utakaomfungukia Sidonie Sange nzima. Anaishika simu, anaiweka. Anaishika tena. Mara ya tatu anapiga na kumweleza yote.

"Mama yangu anaikala karibu na muto," prezida anasema. "Na ye iko na telefone ya kubonyeza. Minye sikufikiria. Andika, na jina yangu utangulize."

Sidonie anaandika haraka. Mvua imeanza kugonga bati. Saa sita Révérien, msimamizi wa mradi aliye Bujumbura, anajibu: pendekezo limesimamishwa kwa siku kumi na nne nyingine. Ujumbe mfupi unabaki, kwa sasa.

"Kwa sasa," Sidonie anarudia, bila kutabasamu.

Jumatatu atarudi Sange, nyumba kwa nyumba, amsikilize kila mtu peke yake. Kwa prezida atafika mwisho kabisa; ameshamwomba ruhusa.

"Alinijibu nianze na mama yake."