Kiboko Niliyemnyamazia

Nikisikia harufu ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu, zinazokatwa mbichi, narudi kwenye bustani yetu upande wa ziwa. Sina hakika nakumbuka yote sawasawa.

Mama alikuwa amenikataza kufungua mlango kabla ya jua, kwa sababu ya viboko. Alfajiri ile nilifungua. Kiboko alikuwa amesimama kati ya matuta, anatafuna polepole kama mtu aliye kwake. Nikafunga, nikarudi mkekani. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ikafuta nyayo zake.

Kulipokucha, mama alimwita jirani, mjane aliyetoka Kongo. Binti yake ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye.

"Mbuzi yako imemaliza lengalenga yangu." Nisimsingizie mama, hakupiga kelele.

"Apana, dada. Mbuzi yangu mi nililala nayo mu nyumba."

"Basi ni mi nilikula?"

Jirani alinitazama, labda kwa bahati tu. Nikatazama chini. Ningesema, ningechapwa.

Jioni alituletea kikapu cha lengalenga za kwake. "Mbuzi ni mbuzi, dada. Tusigombane juu ya mboga."

Mama alishukuru. Halafu akaziba kwa miiba tundu la ua ambalo mimi na rafiki yangu tulikuwa tukipitia. Nilimsikia binti yule upande wa pili akiimba peke yake mchezo wetu wa watu wawili.

Mama alizipika lengalenga za jirani na mawese. "Kula, mutoto, iko tamu."

Nilimaliza sahani. Zilikuwa tamu kweli, hilo siwezi kulikana.