Vitambulisho Sandukuni

Mwandiko ule ni wangu. Ukiingia ofisi ya ile kampuni ya kuzoa taka pale Biharamulo, kama hawajaibandua, utakuta karatasi ukutani: "Hapa hakuna anayefanya kazi kwa kulazimishwa." Halmashauri ilitaka tamko la namna hiyo kabla ya kutupatia zabuni ya taka za soko, na bosi akasema mimi nina mwandiko wa kishule, niandike. Nikaandika kwa kalamu nene, nikapigia mstari kwa rula. Nilijiona mtu kweli.

Nilikuwa msimamizi. Trekta lilizunguka mjini likarudi kumwaga dampo, na wanawake kumi na wawili wakachambua: plastiki huku, vyuma kule, maganda na uozo mwingine shimoni. Wote walitoka Burundi. Walivuka kuja kulima mahindi kijijini Nyamahanga, msimu ukaisha, bosi akawachukua. Mimi ni Mhangaza wa Rulenge, upande wa Ngara, jirani na mpaka wao, na Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana bosi aliniajiri, kwa sababu yeye hata kuwasalimia hakujua.

Siku walipofika aliniambia nikusanye vitambulisho na vibali vyao, visije vikapotea kwenye uchafu. Sikuona ubaya. Ningeuona wapi? Kwetu kibarua akija kulima, kabla hata ya kuoneshwa shamba humkabidhi mama mwenye nyumba mzigo wake. Mama yangu aliusukuma uvunguni mwa kitanda chake, na ole wake mtoto atakayeugusa. Kwa hiyo nilipowaambia wale wanawake kwa lugha yao, "Leteni niwatunzie," walinipa kwa mikono miwili. Angesema bosi, wangeuliza maswali. Niliposema mimi, hakuuliza mtu. Nikazifungia karatasi zao kwenye sanduku la bati, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Lakini desturi ile ina nusu ya pili, nami niliijua vizuri sana. Siku kibarua akisema anaondoka, mama alikuwa ameshainama uvunguni kabla mtu hajamaliza kusema. Hata kama maharage bado yako shambani. Hata kama waliamka wamegombana. "Mzigo wa mgeni hauulizwi safari," alisema, na ukileta ubishi alikukata jicho. Nusu hiyo mimi niliiacha Rulenge.

Jumanne asubuhi mmoja wao alinifuata ofisini, mwanamke wa rika langu, mpole, mwenye kovu la jembe mguuni. Dereva wa lori alikuwa amemletea habari kutoka kwao. Binti yake wa miaka sita, aliyemwacha kwa bibi yake, ana siku ya nne hali chakula, mwili unawaka moto, anamwita mama yake.

"Dada, nipe karatasi zangu niende."

Bila karatasi asingefika hata Ngara. Barabara ile ina vizuizi, na mgeni asiye na kibali anashushwa garini. Ufunguo ulikuwa nguoni mwangu, nikausikia unanigusa kiunoni. Nikamwambia asubiri nimuulize bosi.

Bosi alijibu kwa simu kwamba Ijumaa afisa wa halmashauri anakuja kukagua, na anataka kuwakuta wote kumi na wawili walioandikwa kwenye orodha. "Afisa akishaondoka, na yeye aende. Ukimwachia kabla, mfuate hukohuko." Basi nikanywea. Mimi, ambaye soko zima linaujua mdomo wangu! Kazi ya kukaa kivulini na kushika kalamu haipatikani hovyo, na nilikuwa nimeshaionja. Jumatano aliniomba tena. Alhamisi aliniomba mara tatu, akaacha kuniita dada, akaanza kuniita mama. Nilimpa uji. Uji, jamani! Mtu anaomba njia, unampa uji.

Ijumaa asubuhi afisa akaja, mwanamama mwenye mabuti ya mvua na daftari, mtu mwema tu. Alisoma lile tamko ukutani, akausifu mwandiko. Kisha akataka kuongea na wafanyakazi mmoja mmoja, na kwa kuwa Kiswahili chao hakikuvuka salamu, mkalimani nikawa mimi. Bosi alisimama mlangoni akichezea simu.

Zamu ya yule mwanamke ikafika. Afisa akasema, "Muulize kama anafanya kazi kwa hiari yake, na kama anaweza kuondoka akitaka."

Nikamuuliza. Nilimuuliza sawasawa, hapo sikudanganya.

Akanijibu akinitazama mimi, "Mwambie mwanangu anakufa. Mwambie karatasi zangu mmezifungia. Mwambie naomba niende leo."

Nikamgeukia afisa. "Anasema yuko huru, na anashukuru kwa kazi."

Afisa akaandika. Yule mwanamke alipoona kalamu inatembea, akanishika mkono, akaubana.

Gari la afisa lilipotoka sikumngoja bosi aseme. Nilifungua sanduku nikagawa karatasi za wote kumi na wawili. Bosi alifoka, akanifukuza papo hapo, nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Msinisifu. Ujasiri uliongoja afisa aondoke ni ujasiri gani? Yule mwanamke alipokea karatasi zake kwa mikono miwili, akapiga goti, akaniambia neno lile lile ambalo vibarua walimwambia mama yangu: "Asante kwa kunitunzia." Akakimbilia basi la mchana.

Nilirudi nyumbani Rulenge, nikashika jembe. Ilipita kama miezi miwili, nikiwa napura maharage uani, akaja mmoja wa wale wenzake. Alikuwa amekwenda kwao akarudi, sasa anatafuta kibarua cha kulima. Nikamkaribisha, nikamuuliza habari za yule mwenzake.

"Alifika Ijumaa jioni," akasema. "Mtoto alizikwa asubuhi ile ile. Walimngoja mama yake siku nzima ya Alhamisi, wakashindwa."

Asubuhi ile ile. Asubuhi ya ukaguzi. Niliiweka fimbo ya kupuria, nikakaa chini kwenye maganda nikalia.

"Usilie, dada," akaniambia. "Anakusalimia sana. Anasema hatakusahau, maana sisi wote tuliogopa, wewe ndiye uliyemsemea kwa afisa mpaka akaachiwa."

Tulikuwa wawili tu pale uani. Hapakuwa na bosi, wala afisa, wala kazi ya kupoteza, na lugha ilikuwa yangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Ukimwona, nawe msalimie."